Moyo Uliopona Kwenye Karatasi

Mwaka wa 1961, Likoni, Sheikhan alioa mke wa pili kwa sababu moyo wa mke wa kwanza ulikuwa umepona.

Msicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Mke wa kwanza, Alawiya, alipatwa na mshtuko wa moyo akifua nguo. Akalazwa wiki sita. Alipotoka, mashine ya kupima moyo haikuona kasoro tena.

Lakini akibeba ndoo moja tu ya maji, kifua kinambana, jasho linamtoka, yuwakaa chini.

"Daktari kasema umepona," Sheikhan akamwambia.

"Kasema."

"Basi huo ni uvivu."

Alawiya akaishika ndoo tena. Alishaanza kujishuku mwenyewe.

Mwezi wa tatu baada ya hapo akaletwa Mwanaima, mke wa pili, mjane aliyewahi kufagia wodi za hospitali. Aliambiwa mke mwenzake ni mzima, kazi tu haipendi.

Siku ya nne akamkuta Alawiya ameshika ukingo wa kisima, midomo rangi ya jivu.

"Keti, dada. Kifua hukubana hata ukiwa umetulia?"

"La. Nikifanya kazi tu."

"Na kule hospitali walikupima vipi?"

"Nimelala kitandani."

Mwanaima akachukua buibui lake. "Twende."

Wakavuka feri hadi hospitali. Daktari akasema hana haja ya kupima tena. Mwanaima akaketi mlangoni pake hadi saa nane mchana.

Daktari akachoka. Akamtaka Alawiya apande na kushuka vidaraja viwili vya ngazi mara kadhaa, kisha akampima papo hapo.

Safari hii mistari kwenye karatasi ya mashine ilishuka.

"Mshipa mkubwa huenda umefunguka," akasema polepole. "Lakini ndani ya nyama ya moyo mna vijishipa vyembamba kama nywele. Nadhani hivyo ndivyo vilivyoumia. Ukipumzika, damu yatosha. Ukifanya kazi, haifiki. Chombo cha kuviona sina."

"Kwa hivyo mimi si mvivu?"

"Si mvivu. U mgonjwa."

Alawiya akalia. Mwaka ule hakupata habari njema kuliko hiyo.

Akapewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi, na akapigwa marufuku kubeba ndoo.

Nyumbani, Sheikhan alisikiliza yote hadi mwisho.

"Haya," akamwambia Mwanaima. "Maji teka wewe. Ndilo nililokuolea."

Wanawake wakatazamana.

"Sheikhan," Alawiya akasema, "nyumba hii niliachiwa na babangu. Nenda kwa mamako."

Sheikhan alidhani ni mzaha, hadi Mwanaima alipomtolea sanduku lake barazani.

"Na talaka yangu," Mwanaima akaongeza, "usiisahau."

Wakaishi pamoja miaka kumi na tisa, wao wawili.

Mtu akikwambia anaumwa, usimwoneshe karatasi. Muulize huumwa akifanya nini.