Kamba haikukatika, mumewe akavunjika

Saa moja asubuhi, Bi Kamba ameshafungua duka. Amekaa kwenye kigoda, na kamba ndefu ya rangi ya machungwa inapita kidogo kidogo kati ya vidole vyake. Haitazami. Macho yako barabarani, mdomo unataniana na fundi pikipiki wa mlango wa pili. Vidole ndivyo vilivyo kazini.

Ghafla vinasimama.

"Hapa," anasema, na kuikunja kamba mahali hapo. Kwingine kote ilipinda kama mshikio wa kikombe. Hapa inalala bapa, kama mpira wa maji bomba likifungwa. "Nje nzima, ndani nyuzi zimelika. Hii haipandi tena jabali." Anachukua mkasi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja cha kukodisha vifaa vya kupandia majabali. Wapandaji ndio waliombatiza jina la Bi Kamba, ingawa mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na kitu, hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya mpaka rangi.

"Nikisimama juu ya kiti kubadilisha taa, magoti yanaanza kuongea," anasema, akicheka hadi machozi.

Hata hivyo hakuna anayetoka na kamba bila kuhojiwa. Asubuhi hii ni zamu ya mwalimu wa kike na mchumba wake.

"Shikamoo mama. Tunataka kamba nzuri."

"Marahaba. Zote nzuri. Mnakwenda kupanda wapi?"

Swali hilo ndilo kazi yake yote. Mteja wa ukuta wa mazoezi anapewa kamba nene, ya milimita kumi au zaidi, kwa kuwa itasuguliwa kutwa nzima. Wa genge fupi la jabali lenye pete za chuma zilizokwisha kupigiliwa mwambani anapewa moja iliyo nyepesi kidogo, lakini ndefu ya kufika juu na kurudi. Kwa genge refu lenye njia ya kupindapinda, Bi Kamba hutoa mbili nyembamba, zinazopachikwa kwenye pete kwa zamu, hii kushoto, ile kulia, ili zisikwaruzane na mwamba. Na wa kwenye barafu hupewa iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, maana kamba ikilowa na kuganda hugeuka fimbo.

Zote, nene kwa nyembamba, zina jambo moja: zinavutika. Jambo hilo Bi Kamba alilijua kwa njia mbaya.

Enzi hizo alikuwa fundi cherehani, na mumewe akiongoza wageni majabalini. Siku moja kamba ya mume ilikuwa imelowa, akaazima ya rafiki yake anayeosha madirisha ya maghorofa.

"Ilikuwa mpya, unene ule ule," anakumbuka mume, mtu mrefu anayechechemea kidogo. "Nikajiona nina bahati."

Lakini kamba ile ilitengenezwa kwa ajili ya kuning'inia, si kuanguka. Haivutiki. Mume aliteleza, akaanguka kimo cha milango miwili hivi, na kamba ikamsimamisha hapo hapo kama ukuta. Mbavu zikavunjika, na nyonga.

"Watu walikuja kutoa pole, wote wanauliza, kamba ilikatika?" anasimulia Bi Kamba. "Nawajibu, haikukatika. Halafu wakiondoka najiuliza mwenyewe: sasa kama haikukatika, mume wangu kavunjwa na nini?"

Akaibeba kamba ile hadi kwenye duka hili. Mwenye duka, mpandaji mstaafu, hakumpa maneno mengi. Alimwomba ashone mifuko miwili sawasawa, wakaijaza mchanga. Mmoja wakaufunga kwenye kamba ya kupandia, wa pili kwenye ile ya kuazima, wakaiachia kutoka kwenye boriti la paa.

Wa kwanza ulishuka, ukavutwa taratibu, ukabembea. Wa pili ulipasuka, mchanga ukatapakaa sakafuni.

"Mshono ulikuwa wangu," anasema. "Mimi mshono wangu naujua, haupasuki ovyo. Nikamwona baba watoto pale chini, kwenye ule mchanga."

Aliufagia mchanga wote mwenyewe. Alipomaliza aliomba kazi.

Kwa miaka mingi mume hakugusa jabali, na nyumbani halikutajwa. Ni binti yao aliyeanza kupanda, na baba akaanza mazoezi ya kunyoosha miguu uani. Mwezi uliopita, wawili hao waliingia dukani.

"Nipe ile nyembamba ya kijani," alisema mume.

"Unakwenda wapi?"

"Mama watoto, jana si nimekwambia?"

"Jana nilikuwa naongea na mume wangu. Sasa naongea na mteja."

Binti aligeukia ukutani kuficha kicheko.

"Genge fupi, lenye pete," mume akasalimu amri.

"Basi utaanguka mara nyingi, hujapanda siku nyingi. Chukua hii, imeshiba kidogo."

"Nzito hii kwa mzee kama mimi!"

"Panda polepole."

Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alifunga duka, akawafuata hadi gengeni. Mume alipita pete ya kwanza, ya pili. Alipoikaribia ya tatu, mguu ule mbovu ulimsaliti.

"Nilifumba macho. Nikasubiri sauti," anasema Bi Kamba. "Sikusikia kitu. Nilipofumbua, mtu mzima yuko hewani anabembea, anapiga kelele: 'Mama watoto, inavutika! Inavutika!'"

Binti, aliyeshika mwisho wa kamba, alikuwa anacheka. Mama alikaa chini kwenye kokoto, akalia kwa sauti mbele za watu, na haoni haya kulisema.

Sasa baba na binti wanataka genge refu mvua zikiisha. Bi Kamba ameshawatengea kamba mbili nyembamba, nyekundu na bluu, wasije wakazichanganya. Amezipapasa zote mbili, mwanzo hadi mwisho.

"Nimekubali kuwakodishia," anasema, akizitundika kwenye msumari wa nyuma, mbali na mikono ya wateja wengine. "Sijakubali kwamba nitalala."