Ada ya Basi la Kanja

Nakumbuka siku ile, mwanangu, walipotukusanya wanafunzi wote ukumbini tuamue kama ada ya basi iendelee au ifutwe. Jana uliponipigia simu ukicheka kwamba huko chuoni kwenu mnataka kuiondoa, na kwamba wewe haikuhusu kwa sababu chumba chako kinatazamana na geti, nilinyamaza. Ulidhani mtandao umekatika. Sivyo. Nilikuwa nimerudi ukumbini.

Ada yenyewe ilikuwa ndogo, imechanganywa na karo, na kila mwanafunzi aliilipa, awe anapanda basi au hapandi. Kwa fedha hizo basi la chuo lilitoka chuoni Embu mjini kila jioni likatuleta sisi wa huku Kanja. Wengi walipanga vyumba karibu na chuo. Mimi sikuweza. Nyanya yako, mama yangu, alikuwa amepooza, na baba peke yake hakuweza kumgeuza kitandani. Ilinibidi nilale nyumbani.

Siku ile ukumbini akasimama kijana mmoja, mcheshi, tuliyempenda sote. Akasema, "Watu wangu, mimi natoka kitandani naingia klasi. Hii basi ya Kanja inanihusu nini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mikono ya kuifuta ada ikainuka, mingi sana. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, habari za mama zimenijaa kinywani, lakini niliona aibu kumtaja mgonjwa mbele ya watu wanaocheka. Nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Muhula uliofuata basi halikuja. Nauli ya kila siku hatukuwa nayo, kwa hiyo siku nyingine nilienda, siku nyingine nilibaki. Mwishowe nikazuiwa kufanya mtihani kwa kukosa vipindi. Nikabaki nyumbani kabisa, nimevimba kwa hasira, hata salamu za majirani siitikii.

Wakati huo kijiji kilikuwa kinachimba mtaro wa bomba la maji kutoka msituni. Unaijua desturi yetu: kila boma linatoa mtu, na mnachimba pamoja mpaka nyumba ya mwisho kule bondeni. Jumamosi moja mtaro ukafika kwetu, ukapita geti. Nikaweka jembe chini, nikaenda zangu kuketi. Baba akanifuata pole pole, jasho likimtoka.

"Umechoka?" aliniuliza.

"Sijachoka. Maji imeshafika kwetu. Hao wa chini wajichimbie."

Mzee hakunipandishia sauti. Aliliokota jembe, akalifuta udongo kwa kiganja, akanipa. "Sawa. Lakini usinililie tena juu ya ile basi."

Mwanangu, afadhali angenichapa. Nilirudi mtaroni nikachimba mpaka bondeni, machozi yakinitoka, na hakuna aliyeniuliza kitu. Mama alifariki kabla ya mvua za mwaka huo. Kufikia hapo nafasi yangu chuoni ilikuwa imepotea, na sikurudi tena. Ndiyo maana hujawahi kuona picha yangu nikiwa na joho la kuhitimu.

Sikuambii haya ili unihurumie. Umri wa kuhurumiwa umenipita. Nakuambia kwa sababu ukumbi huo sasa ni wako. Kabla hujainua mkono, mtafute aliyekaa nyuma kimya, umuulize analala wapi na nani anamsubiri huko. Usiseme basi halikuhusu kwa kuwa hulipandi. Yule kijana wetu hakuwa mtu mbaya, nakuapia. Alikuwa tu hajawahi kuuliza. Na ikitokea siku moja wewe ndiwe wa nyuma, simama useme, hata wakicheka, hata sauti ikitetemeka. Wakikushinda, angalau utakuwa umesema.

Mungu wa baba yangu akulinde. Akupe joho ambalo mimi sikulivaa, na siku hiyo utakapolivaa, yule anayekaa mwisho wa barabara awe amesimama kando yako, naye amelivaa.