Mume Wangu Amemwalika Mshairi, na Mshairi ni Mimi

Admin, ficha jina langu, hata mtaa ondoa, hapa Kitengela tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, niko na watoto watatu na bwana anayefundisha Kiswahili shule ya wasichana huko Kajiado. Mimi niliishia darasa la saba. Kusoma kwingine nilisomea kwa magazeti ya kufungia nyama.

Mwaka jana mashairi yangu yalichapishwa Nairobi, kwa jina la kubandika. Bwana hajui. Niliandika yote: vile hulala akiangalia ukuta, vile kwetu magharibi firigisi ya kuku ni ya baba, na mimi tangu niolewe sijaionja.

Mwezi uliopita akarudi na hicho kitabu, ameazimwa na mwalimu mwenzake. Akaketi jikoni, mahali hajawahi kuketi, akaanza kunisomea huku akitafuna firigisi.

"Skiza hii, mama watoto. 'Nimekupikia firigisi miaka kumi na tano, hujauliza mimi hula nini.'" Akatingisha kichwa. "Huyu mama ameolewa na mnyama."

"Pengine huyo bwana hajui," nikasema.

"Atakosaje kujua na wanalala pamoja? Wanaume wengine hawana macho."

Nikamwongezea ugali.

Siku hizi kila jioni ananisomea. Hajawahi kuniongelesha hivyo, na ni maneno yangu mwenyewe. Kuna siku huyo mwanamke namwonea wivu.

Sasa amemwalika huyo mshairi, kupitia wachapishaji, awe mgeni wa heshima siku ya wazazi shuleni kwao. Nao wakakubali bila kuniuliza. Wasichana wa kidato cha tatu wanakariri hilo la firigisi, na yeye ndiye anawafundisha. Nisipotokea, ataaibika mbele ya mwalimu mkuu, maana ameapa mgeni anakuja. Nikitokea, shule nzima itamjua mnyama ni nani, na sijui kama nitarudi kwa hii nyumba.

Jana akaniambia, "Mgeni atapitia hapa kwetu kwanza, ale. Chinja ule jogoo. Na firigisi mpe yeye, maskini, angalau aonje."

Nikasema sawa.

Siku ya wazazi ni Jumamosi. Jogoo nimemfunga nyuma ya nyumba, ananiangalia. Ninyi mlio kwa ndoa, nishaurini: hiyo firigisi niiweke kwa sahani ya nani?