Mlango wa Kifaru cha Plastiki

Mjomba wangu aliwahi kuacha jembe limesimama shambani. Enzi za Mwingereza hizo, kule juu Uluguru, bwana shamba ametuamuru tuchimbe matuta ya ngazi mlimani, eti mvua isibebe udongo. Mjomba akachimba moja, akaitazama, akasema, "Udongo wa chini umekuja juu. Humu hakioti kitu." Akalikita jembe, akaenda zake kunywa togwa. Likakaa pale mpaka mchwa wakala mpini. Nikajua kumbe mtu anaweza kuondoka tu.

Nisikupoteze, nataka kusema habari ya vifaru.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilichomelea matangi ya maji kwenye karakana ya kiwanda, Morogoro mjini. Siku moja nimo ndani ya tangi, mwenzangu akanifungia kifuniko kwa mzaha, akaenda kupiga soga kwa mama ntilie, akanisahau. Nilipotolewa nilikuwa nimejikojolea. Naandika hivyohivyo, aibu yenyewe imeshazeeka.

Basi, ikaja ruksa ya bidhaa za nje, mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikafungwa. Nikabaki kibarazani naziba ndoo za plastiki kwa kisu cha moto. Ndipo akaja mhadhiri wa chuo, karudi kutoka kusoma Ulaya.

"Shikamoo, fundi. Unaweza kuunga vitu vidogo?"

Akatoa boksi. Vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama ndizi kwenye mkungu. Ukivikata na kuvigundisha unapata kifaru cha kubebea askari, kinakaa kiganjani, cha vita vya huko kwenye nyota, miaka ambayo hata vitukuu wetu hawataiona. Yeye na wenzake walivipiganisha mezani kwa kurusha dadu. Watu wazima! Lakini alikuwa na maboksi mengine kabatini, na akaniahidi: hili la kwanza likimpendeza, kazi ya kuyaunga yote ni yangu, na nafasi kwenye karakana ya chuo ataniombea. Karakana! Nilishaanza kuiota.

Nikafanya kazi siku nne. Kwenye picha ya boksi mlango wa nyuma umegundishwa. Mimi nikautia bawaba ya sindano, ukafunguka.

Nikampelekea nyumbani kwake. Wenzake wameizunguka meza.

"Fundi, mlango huu kwenye picha haufunguki," akasema mhadhiri.

"Aliyepiga picha hajawahi kukaa ndani."

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Mzee, mbona humo hamna mtu?"

"Kama hamna mtu, mnampiga nani?"

Mhadhiri akaniletea gundi. Kwa upole, hakuwa mtu mbaya. "Ugundishe tu, mzee wangu. Unachezacheza, utavunjika. Kazi nyingine ile pale inakusubiri." Akanionyesha kabati.

Nikaishika gundi. Nikaufungua ule mlango kwa ukucha, nikachungulia. Ndani giza, padogo, kama nipajuavyo. Nikaufunga, nikaufungua tena.

"Sigundishi."

"Unaacha kazi yote hii kwa ajili ya mlango?"

"Kwa ajili ya mlango."

"Mzee mbishi huyu!" akasema yule aliyedakia.

"Mbishi, ndiyo. Tena wa kurithi kwa mjomba."

Nikaiweka gundi mezani, kando ya kifaru changu kilicho wazi. Nikavaa ndala zangu kizingitini, nikashika njia. Mhadhiri aliniita mara mbili. Kwake sijakanyaga tena.