Yai Lililosema Amepona

Chanthone alianza kuugua kwa kusahau ufuta. Kiangazi kile wanawake wa upande wetu wa mto Ou tulikuwa tukiponda majani ya mtoni, yale ya kula, na kuyatandaza kwenye vichanja yakauke, na kila mtu alijua kwamba mkono wa Chanthone ndio mkono. Ufuta, nyanya, vitunguu saumu, vyote vilikaa mahali pake. Asubuhi hiyo nikakuta vichanja vyake ni kijani kitupu, naye ameketi chini, bakuli la ufuta mapajani. Nikamtania kwamba mumewe Bounmi ameondoka na lori akabeba na akili za mkewe. Hakucheka.

"Dada," akasema, "nimekaa hapa tangu kumekucha, najiambia niinue mkono."

Mimi ni jirani yake. Nauza supu ya tambi mbele ya nyumba yangu, na nina mdomo, hilo silifichi.  Nikachukua bakuli nikavinyunyizia vichanja vyake mwenyewe, ovyo ovyo, naye akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

Ikawa hivyo. Usingizi ukamkimbia. Alikuwa akiamka kabla ya majogoo, moyo unamwenda mbio, na wasiwasi usio na kichwa wala miguu: paa litavuja, lori la Bounmi litapinduka, mwanawe aliye shuleni Luang Prabang atakufa kwa homa. Kukipambazuka wasiwasi unaupisha uzito, na mchana kutwa anajikokota. Akakonda. Hospitali ya wilaya wakampima moyo, wakasema ni mzima, wakamtundikia dripu ya vitamini. Sisi huku tunaamini dripu kuliko maneno ya daktari, kwa hiyo tulifurahi. Alirudi na plasta mkononi na uso uleule.

Mama mkwe wake, Bibi Deuan, ndiye aliyesema tulichokuwa tunakifikiria wote. Kwetu mtu ana roho thelathini na mbili, na nyingine za Chanthone zilibaki majini mwaka jana, alipoteleza kwenye jabali wakati wa kuvuna majani, mto ukamzungusha kabla hatujamtoa. Yule mama ana zaidi ya miaka sabini na magoti yake ni mabovu. Aliingia mtoni mpaka kiunoni na wavu wa kuchotea samaki wadogo, akachota maji palepale penye jabali huku akiita, "Njooni nyumbani, msikae kwenye baridi, wali umeiva." Nilisimama ukingoni nikalia. Sijawahi kumwona mama mkwe akimpenda mke wa mwanawe namna ile.

Kisha Mzee Phan, aliyewahi kuwa mtawa na sasa ndiye anayetuitia roho, akaja kufanya shughuli ya kuzirudisha. Tukazunguka mnara wa majani ya mgomba na maua, tukamfunga Chanthone nyuzi nyeupe mikononi, kila mtu uzi wake na dua yake, hadi mikono ikaonekana kama ina bandeji. Mwishoni Mzee Phan akamenya yai la kuchemsha lililokuwa limewekwa kileleni mwa mnara. Lilikuwa limejaa, laini pande zote, halina hata kishimo. Maana yake roho zote zimerudi. Watu wakapiga makofi, tukanywa pombe ya mchele, na Bounmi siku ya pili akarudi kwenye lori lake na moyo mweupe.

Hapo ndipo mateso yalipoanza hasa. Kila aliyekuja kunywa supu kwangu alimwita aje aonekane, amsifu kwa rangi aliyopata, na rangi yenyewe haikuwapo. Chanthone alitabasamu, akaitikia, akaenda. Siku moja aliingia jikoni kwangu, akajibanza nyuma ya gunia la mkaa.

"Yai limesema nimerudi, dada. Sasa mimi nikisema sijarudi, ataaminiwa nani?"

Nikampeleka kwa Latsamy, muuguzi mpya wa kituo cha afya. Binti mdogo, nikadhani tutapewa vitamini nyingine. Akafunga mlango, akamuuliza habari za usingizi, za chakula, za mwili, bila haraka. Kisha akamuuliza jambo ambalo sisi sote, na mapenzi yetu yote, hatukuwa tumeliuliza: kama kuna siku anatamani asiamke.

 "Mto uko karibu sana na nyumba yetu," Chanthone akasema.

Latsamy hakushtuka. Alimwambia ugonjwa huu una jina na una dawa, ila dawa yake haina haraka. Itachukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo tumbo litachafuka. Asiache. Aje waongee kila baada ya wiki mbili, na dawa hizi zisipomfaa ziko nyingine. Mawazo ya mto yakija, aje saa yoyote, amgongee mlango. Mimi akaniambia nisimwache peke yake karibu na maji.

Vidonge tukaviweka kwangu, karibu na chupa ya pilipili. Alikuwa akija asubuhi anakunywa kimoja na supu kidogo. Tumbo likachafuka kweli. Alitapika nyuma ya nyumba, na nani amwone isipokuwa Bibi Deuan? Mwanamke anayetapika asubuhi, kwetu hapahitajiki kupima. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba roho zimerudi na mgeni mmoja juu yake. Bibi Deuan alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa cha kumbebea mtoto. Chanthone hakuweza kuivumilia furaha ile. Akamwambia ukweli, kuhusu vidonge.

Laiti yule mama angefoka, ningejua la kumjibu. Hakufoka. Aliketi kwenye ngazi akalia taratibu, akisema labda yeye hakuita kwa sauti ya kutosha, labda kuna roho alizozipita majini kwa sababu ya macho yake hafifu. Kesho yake akaingia tena mtoni na wavu wake. Akamwita Mzee Phan tena.

Safari hii nilikaa bega kwa bega na Chanthone. Mzee Phan akamenya yai, na upande wake butu palikuwa na shimo la kuingia kidole gumba. Chanthone aliliona kabla yangu. Uso wake ukafunguka. Ndiyo furaha pekee niliyoiona usoni kwake tangu kiangazi, na ilikuwa furaha ya shimo lile: hatimaye kitu kimesema kama anavyosema yeye.

Mzee Phan akaliziba kwa gumba, akawaonyesha watu upande mwingine. "Limejaa," akasema. Si mwongo yule mzee. Alimwonea huruma bibi aliyetoka majini.

"Mzee, geuza na upande huo," nikasema.

 Mtu mmoja nyuma akanishauri nikakoroge supu yangu. Bibi Deuan hakunitazama. Sketi yake ilikuwa bado inachuruzika, na midomo ikimtetemeka kwa baridi.

"Mwanangu, sema mwenyewe. Umerudi?" akamuuliza mkwewe.

Chanthone alimtazama. Ule mwanga ukaondoka usoni, nikauona ukiondoka.

"Nimerudi, mama."

Akalichukua yai kutoka mkononi mwa Mzee Phan, akaanza kulila upande wa shimo, akalimaliza.

Tangu siku ile hakuja tena kunywa vidonge, basi mimi mwenyewe nikamfuata Latsamy. Alikuja, akakaa naye barazani muda mrefu. Chanthone akamwambia amepona, na akamwonyesha mikono yake yenye nyuzi.

Nyuzi zile mtu huzivaa siku chache tu, kisha huzifungua. Yeye hajazifungua. Zimekuwa nyeusi kwa tope na moshi. Vidonge bado viko kwangu karibu na pilipili, na kila asubuhi namwita aje anywe supu. Anapita na kapu lake akielekea kuvuna majani mtoni, ananiinulia mkono wenye nyuzi ili nizione. Nikimfuata ananirudisha kwa upole. Basi naacha supu iungue, nasimama ukingoni mpaka nimwone anapanda kurudi.