Abiria wa Gari Lililosimama

Jumapili zile, ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, eti tubane mafuta. Kariakoo yote ikanyamaza. Ungesikia mtu akitwanga nyumba ya tatu, na jua limetulia uchochoroni kwetu kama limekuja kulala.

Mama yangu alikuwa chumbani, mifupa imemwisha nguvu. Hospitali walishasema tumrudishe tu nyumbani. Naye neno lake lilikuwa moja: apelekwe kwake Kigamboni, tuvuke na pantoni pale Feri, akalale kitandani kwake. Lakini gari letu zee lilikuwa linagonga mbele, kila shimo ko! ko!, na siku tuliyomtoa hospitali alilia njia nzima. Mama yangu, ambaye hata uchungu wa kuzaa hakuulilia! Nikamwambia mume wangu, gari hili mama hapandi tena mpaka litengemae.

Bushi zilikuwa zimekwisha, vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye mikono ya magurudumu ya mbele ili chuma kisigonge chuma. Madukani rafu tupu. Mume wangu akaenda kwa mshona katambuga, zile ndala za matairi, akachongewa nyingine kwa tairi la lori. Kuziingiza, zikagoma. Akachukua kipande changu cha mwisho cha sabuni akazipaka. Sabuni! Wakati ule tunapanga foleni tangu alfajiri! Nilimsema mpaka nikachoka mwenyewe. Zikaingia.

Ikabaki kukaza nati. Mara iliyopita alizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Gari liliposhuka mpira ukajipinda, wiki haikuisha ukachanika. Safari hii, Jumapili mchana, akayakalisha magurudumu juu ya mawe, akataka gari libebe uzito wa safari kabisa ndipo akaze. Akawaita wapangaji wenzetu wapande. Wakajazana wanacheka, mmoja anauliza nauli.

Mama akasikia kule ndani. "Na mimi nipandisheni."

Mume wangu, aliyekuwa chali chini ya gari na kaptula yake iliyochanika, akashtuka nusura apasuke kichwa. "Mkwe akae juu yangu, na mimi miguu nje hivi? Haiwezekani!"

Nikamfunika kanga yangu kuanzia kiunoni mpaka vidoleni, nikamwambia, "Wewe kaza."

Tukamkalisha mama mbele, mito huku na huku. Akafumba macho. Spana ikawa inalia chini.

"Hapa tumefika Posta," mama akasema. Kisha baada ya kitambo, "Nasikia harufu ya samaki. Tupo Feri."

Hakuna aliyecheka. Wapangaji wote walikuwa wanatazama mbele, kwenye ukuta wa jirani, na mimi, wallahi, nilisikia upepo wa bahari wa Magogoni shingoni.

Jumatatu tukaondoka kweli. Shimo la kwanza nilijikuta nimeng'ata kanga. Gari likazama, likainuka, kimya. La pili hivyo hivyo. Mama akafumbua jicho moja.

"Kwani hatujaondoka?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Mume wangu akajifanya anatazama barabara.

Tulipomlaza kitandani kwake alivuta pumzi ndefu, akapapasa ukuta, akanishika mkono.

"Rudini sasa, mwanangu, pantoni isije ikawaacha. Mimi nimeshafika."

Nilikasirika. Nikavua viatu, nikamwambia siendi popote. Sikuondoka mpaka tulipomzika.