Mashangazi na Kitambaa cha Bwana Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye duka, mama wa Kiskoti asiyependa salamu ndefu, alinitupia kipande cha sufu ya mirabaraba akaniambia nimwonyeshe mchoro unaanza upya wapi. Nilidhani ananidharau. Nilikuwa fundi cherehani tangu Tanga, nimeshavisha maharusi, leo naja Toronto kutafuta mistari! Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Ninyi mnaoagiza nguo kwa simu mkiwa kitandani, sikilizeni. Kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, nyuma imejaa marinda, na kila rinda hukunjwa hivi kwamba mchoro unaendelea kama vile kitambaa hakijakunjwa. Kwa hiyo kabla ya kuagiza unapima nyonga za mteja na ukubwa wa mchoro. Mchoro ukiwa mkubwa, marinda yanakula kitambaa kingi. Chini haipindwi, basi mfumaji kule Uskoti lazima aambiwe aumalize ukingo vizuri. Na sufu iwe nzito, la sivyo upepo utamwaibisha mwenyewe.

Nilianza kwa kukunja marinda, baadaye nikapandishwa kuwa mwagizaji wa vitambaa. Oda iliyonifunza kazi hiyo ilikuwa ya Mama Wanjiku, nesi Mkenya wa mtaa wa Flemingdon Park. Binti yake alikuwa anaolewa na kijana wa Kiskoti, na kilti ya bwana harusi, yenye mchoro wa ukoo wake, tulikuwa tunaishona sisi. Mama Wanjiku akaja akitaka mashangazi wote washonewe magauni ya kitambaa hichohicho, iwe sare.

"Dada, hao watu wako na ukoo mkubwa," aliniambia. "Sitaki msichana wangu aingie huko kama mgeni. Wakituangalia waone familia moja."

Mwenye duka alipendekeza sufu nyepesi yenye mchoro uleule, maana harusi ilikuwa ya kiangazi. Niliomba sampuli za zote mbili, ile nzito ya kilti na hiyo nyepesi, nikazipeleka dirishani, kwa kuwa taa za dukani hudanganya. Mchoro mmoja, lakini nyekundu ya ile nyepesi ilielekea kwenye rangi ya chungwa. Hazikutiwa rangi pamoja.

"Nani ataona?" mwenye duka akauliza.

"Mashangazi," nikamjibu. "Na watasema wamepewa ya bei rahisi."

Alicheka, kisha akavaa miwani akatazama mwenyewe. "Basi agiza yote kutoka jora moja. Ila hakuna shangazi atakayevaa gauni la sufu hii Julai akabaki na fahamu zake." Akachukua kipande akanitandazia begani, kama wanawake wa kwao wanavyovaa kwenye sherehe. Shali.

Mama Wanjiku hakupenda. Alinuna akaondoka, nami nikaona harusi ya watu imeniharibikia mikononi. Baada ya siku chache akarudi na wifi yake, shangazi mkubwa wa binti. Yule mama akajitanda shali, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Hii iko sawa. Gauni nitavaa yangu." Yakaisha.

Jora lilipofika nililipeleka dirishani kwanza. Siku ya harusi, nami nimealikwa, nilimwona nyanya yake bwana harusi ameshika shali ya yule shangazi mkubwa, akiilinganisha na yake. Mmoja anasema Kiingereza cha Kiskoti, mwingine Kikuyu, na wote wawili wanatikisa kichwa kukubali. Nilifurahi hadi machozi, sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu. Macho yamechoshwa na ile rangi nyekundu, ila sijutii, na ningekuwa kijana ningeanza tena kesho. Juzi Mama Wanjiku alinipigia simu. Amepata mjukuu, anataka kablanketi ka kitambaa kile. Nikamwonya kwamba jora lile limekwisha zamani, na la sasa halitalingana na shali zao.

"Wacha isilingane, dada," akasema. "Huyu mtoto hahitaji sare. Ni wetu sisi wote."